Paka wa Ufaransa na Paa wa Unguja: Hadithi Moja na Miisho Yake Miwili

Katika vitabu vya picha vilivyotungwa kwa ajili ya watoto wa Ulaya na Marekani, ni vichache vilivyochorwa upya mara nyingi kama kile cha Paka Mwenye Buti. Mwalimu akikifungua mbele ya darasa, kazi yake ni nyepesi, maana picha zenyewe zasema. Paka amesimama kwa miguu miwili, amevaa kofia yenye unyoya na viatu virefu vya ngozi. Na kijana bwana wake, aliyeingia kitabuni hana hili wala lile, hutoka humo akiwa mkwe wa mfalme. Watoto hucheka, kitabu hufungwa, na somo limekwisha. Lakini msikilizaji aliyelelewa na hadithi za pwani huweza kuuliza swali moja ambalo kitabu hulijibu kwa sentensi moja tu, nayo ni ya kupita: Je, yule kijana alimlipa nini paka wake?

Swali hili si la kitoto. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba hadithi hii, katika safari yake ya miaka zaidi ya mia nne na hamsini katika maandishi, imekuwa na miisho miwili. Kwamba vitabu vya picha vya paka vimerithi mwisho ulio mwepesi. Na kwamba mwisho wa pili, ulio mzito zaidi, uliandikwa kwa Kiswahili kutoka vinywani mwa watu wa Unguja. Anayesimulia hadithi hii shuleni hana budi kuijua miisho yote miwili kabla hajachagua mmoja.

I. Hadithi kabla ya buti

Wengi hudhani kwamba paka huyu alizaliwa Ufaransa. Sivyo. Maandishi ya kale ya hadithi hii yametoka Italia. Giovanni Francesco Straparola alipiga chapa mjini Venice kitabu cha hadithi katika sehemu mbili, ya kwanza mwaka 1550 na ya pili mwaka 1553. Katika sehemu ile ya pili yumo mwanamke maskini wa Bohemia aliyewaachia wanawe watatu urithi wake wote: hori ya kukandia unga, ubao wa kusukumia mkate, na paka jike. Mdogo, jina lake Costantino, ndiye aliyepata paka. Ndugu zake waliazimisha vyombo vyao kwa majirani wakapewa mikate, lakini hawakumgawia. Paka akamwonea huruma. Akakamata sungura akampelekea mfalme kama zawadi ya bwana wake. Na kwa hila zilizofuata akampatia Costantino mavazi, mke aliye binti wa mfalme, na ngome ambayo mwenyewe alikuwa amefariki safarini. Mwisho Costantino akatawala. Hapana buti hapa, wala hapana zimwi.

Mwandishi wa pili ni Giambattista Basile wa Naples, aliyefariki mwaka 1632. Hadithi zake, zilizoandikwa kwa lugha ya watu wa Naples, zilianza kupigwa chapa mwaka 1634, baada ya kifo chake. Kwake urithi umepungua zaidi: mzee ombaomba ana wana wawili, wa kwanza apata chekeche, wa pili, Cagliuso, apata paka. Paka huyu naye hupeleka zawadi kwa mfalme na kumsifu bwana wake mpaka akaoa binti wa mfalme na kununua mashamba makubwa.

Lakini Basile hakuishia hapo. Cagliuso, katika furaha yake, alimwahidi paka kwamba siku atakapokufa, hata ikiwa baada ya miaka mia, maiti yake itatiwa dawa isioze na kuwekwa katika kizimba cha dhahabu chumbani mwake, ili asimsahau kamwe. Hazikupita siku nyingi paka akajilaza bustanini akajifanya amekufa. Mke wa Cagliuso akapiga kelele za huzuni. Mumewe akajibu kwamba ashikwe mguu na kutupwa nje dirishani. Paka akainuka, akamkumbusha bwana wake alikotoka na matambara aliyokuwa amevaa, akaenda zake; na kila alipobembelezwa arudi, hakugeuka.

Basi tangu karne ile njia zilikuwa mbili. Katika njia ya Straparola msaidizi hutumika, na hadithi hukoma katika furaha ya bwana. Katika njia ya Basile msaidizi humpima bwana wake, na bwana huonekana alivyo.

II. Perrault na viatu

Charles Perrault, aliyezaliwa Paris mwaka 1628, alikuwa mtu wa serikali. Alitumika miaka mingi chini ya Colbert, waziri wa mfalme Louis wa Kumi na Nne, na mwaka 1671 akaingia katika Chuo cha Taaluma cha Ufaransa. Mwaka 1695 ulitengenezwa mswada wa hadithi tano, ukiandikwa kwa mkono na kutiwa vipicha vya rangi, nao uliwekwa wakfu kwa binti wa ndugu yake mfalme. Mswada huo umehifadhiwa katika maktaba ya Morgan mjini New York, na hadithi ya paka imo ndani yake. Basi yafaa wasomaji waangalie jambo hili: paka wa Ufaransa alikuwa na picha kabla hajapigwa chapa. Yeye na picha wamekwenda pamoja tangu mwanzo.

Picha ya kwanza ya kitabu, iliyotiwa pia katika toleo la chapa la mwaka 1697, haionyeshi paka wala mfalme. Yaonyesha mwanamke aketiye karibu na moto akisokota nyuzi, na watoto mbele yake wakimsikiliza. Mwafrika wa pwani hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Asema moyoni, Paukwa, na sauti za watoto zamjibu, Pakawa. Mchoraji alitaka msomaji ajue kwamba maneno haya yalikuwa ya kinywa kabla hayajawa ya karatasi.

Perrault alibadili mambo matatu. La kwanza, urithi: mwenye kinu cha kusagia aliacha kinu, punda na paka, na mwana wa mwisho akapata paka. La pili, zimwi: mali ambayo paka amtwalia bwana wake ni ya zimwi lenye uwezo wa kujigeuza. Zimwi likawa simba, na paka akakimbilia juu ya paa la nyumba, kwa shida, kwa kuwa buti hazifai kutembelea vigae; kisha likashawishiwa kuwa panya, likaliwa. La tatu ni zile buti zenyewe. Paka aliziomba, pamoja na mfuko, akisema apate kupita vichakani. Lakini kazi yake kubwa haikuwa vichakani. Kazi yake ilikuwa mbele ya mfalme, na mbele ya mfalme mnyama asiye na viatu ni mnyama tu. Mwenye buti ni mjumbe.

Perrault alijua aliyokuwa akiyasema, kwani mwishoni alitia mafundisho mawili. La kwanza lasema kwamba juhudi na maarifa humfaa kijana kuliko mali ya kurithi; la pili lasema kwamba mavazi, sura na ujana huweza kuuteka moyo. Juu ya shukrani hakuna neno. Twaambiwa tu kwamba paka akawa bwana mkubwa, asiwinde panya tena ila kwa mchezo. Nani alimpa ubwana huo, na kwa maneno gani? Hatuambiwi. Jaribu la Basile halimo. Hadithi hii ilipelekwa kwa watu wa jumba la mfalme, mahali ambapo mtumishi mwerevu aliweza kupanda cheo, na huko mwisho wa namna hii ulipendeza.

III. Kazi ya wachoraji

Mwaka 1729 Robert Samber alizitafsiri hadithi za Perrault kwa Kiingereza, zikapigwa chapa London. Tangu hapo paka akaenea katika vijitabu vya bei nafuu vyenye picha zilizochongwa katika vibao vya mti. Katika karne ya kumi na tisa wakamshika wachoraji wakubwa. Gustave Doré alimchora katika toleo la Paris la mwaka 1862: paka ameinua mikono kando ya maji akiomba msaada kwa ajili ya bwana wake asiyezama, kofia ina unyoya, na mawindo yananing'inia mshipini. Ni kichekesho, lakini pia ni hofu kidogo, maana macho na meno ni ya mnyama mla nyama. Katika miaka ya 1870 Walter Crane alichora vitabu vya rangi vilivyopigwa chapa na Edmund Evans, ambaye alitia kila rangi kwa kibao chake. Vingi viliuzwa kwa peni sita, hata nyumba zisizo za matajiri zikaweza kuvinunua.

Katika karne ya ishirini kazi hiyo ilihamia Marekani kwa nguvu. Kitabu cha Marcia Brown kilitoka mwaka 1952, na mwaka uliofuata kikapewa heshima ya Caldecott, ambayo hutolewa kwa wachoraji wa vitabu vya watoto. Kitabu cha Fred Marcellino, kwa maneno ya Perrault yaliyotafsiriwa na Malcolm Arthur, kilitoka mwaka 1990 nacho kikapata heshima ile ile mwaka 1991. Jalada la mbele la Marcellino halikuwa na jina la kitabu wala la mtu; lilijaa uso wa paka peke yake, na kofia, na ukosi mkubwa wa kizungu wa kale. Jina liliwekwa nyuma. Mchoraji alitegemea kwamba uso ule wajulikana, wala hakukosea.

Tazama basi yale ambayo wachoraji hawa wote huyachagua. Mfuko na sungura. Mto, kijana majini, na gari la mfalme. Wavunaji mashambani, ambao paka amewatisha kwamba watakatwakatwa kama nyama wasiposema shamba ni la bwana wake. Simba, kisha panya. Kila moja ni jambo la kuonekana kwa macho, na kitabu cha picha huishi kwa mambo ya kuonekana. Lakini tusiseme kwamba utovu wa shukrani haukuchorwa kwa sababu hauchoreki. Paka ashikwaye mguu na kutupwa dirishani ni picha iliyo wazi kuliko nyingi. Haikuchorwa kwa sababu wachoraji walimfuata Perrault, na Perrault hakuwa nayo.

Alikuwako mmoja aliyeisumbukia hadithi hii kwa ajili ya maadili ya watoto, naye ni George Cruikshank, mchoraji wa London na mpinzani mkubwa wa ulevi. Alikuwa na tabia ya kubadili hadithi za watoto ili zifundishe kiasi, hata Charles Dickens akamkemea hadharani mwaka 1853. Alipofika kwa Paka Mwenye Buti, mwaka 1864, Cruikshank alisema kwamba hadithi ilivyo ni mfululizo wa uongo uliofanikiwa, na kwamba yamfundisha mtoto kuwa mdanganyifu hulipwa mali ya dunia. Kwa hiyo akaiandika upya. Shtaka lake lina haki, na mwalimu yeyote amelisikia moyoni mwake. Walakini Cruikshank aliutazama ulimi wa paka tu. Mkono wa bwana hakuuchunguza.

IV. Paa wa Unguja

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Akajifunza Kiswahili kwa kuwasikiliza wenyeji wakisimulia, na kuyaandika maneno yao kama walivyoyasema. Aliporudi Uingereza alitoa kitabu cha hadithi za Kiswahili, kilichopigwa chapa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoelekea. Hakikuwa kitabu cha picha. Ndani yake imo hadithi ya Sultani Darai, ambayo kila aijuaye hadithi ya paka ataitambua mara moja.

Alikuwako mtu fukara, Hamdani jina lake, aliyekuwa akichakura jaani kama kuku, atafute punje za mtama apate kula. Siku moja akaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale. Akapita mtu mwenye kuuza paa, na fukara yule akatoa thumuni yake yote akanunua paa mmoja. Watu wakamcheka: hana chakula cha nafsi yake, naye anunua mnyama wa kufuga! Lakini paa alikuwa na maneno. Akaomba ruhusa aende malishoni, akarudi jioni. Na siku moja huko malishoni akaona almasi. Hakumpelekea bwana wake, kwani alijua kwamba mtu wa jaani akionekana na almasi ataitwa mwizi. Akaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali, akasema yatoka kwa bwana wake, Sultani Darai, atakaye kumposa binti. Jina hilo ni paa aliyelitunga, kama vile paka wa Ufaransa alivyotunga jina la Marquis wa Carabas.

Yaliyobaki yaenda sambamba. Bwana alazwa kando ya maji akiwa uchi, na paa akimbia kutoa habari kwamba wanyang'anyi wamempora, sultani apeleka mavazi, ndoa yafungwa. Paa atangulia kutafuta nyumba iliyo sawa na jina, aikuta nyumba kubwa ambayo mwenyewe ni joka la vichwa saba, naye alikata vichwa vyote kwa upanga. Kisha amleta bwana wake na bibi harusi, wakakaa.

Hapo ndipo kitabu cha Perrault kinapofungwa. Msimulizi wa Unguja ndiyo kwanza amefika kwenye neno lake. Paa akaugua. Akatuma habari kwa bwana wake kwa mwanamke mzee wa nyumba. Bwana akajibu apikiwe uji wa mtama tu. Mke akashangaa, akamsihi mumewe: huyu si ndiye aliyekupa yote haya? Mume akakataa, akaona ni upuuzi kumhangaikia mnyama aliyenunuliwa kwa thumuni. Paa akafa, na bwana akaamuru atupwe kisimani. Mke akalia, akampelekea baba yake habari; sultani yule akaja, akamtoa paa kisimani, akamzika kwa heshima. Kisha mke akaota kwamba yuko kwao. Akaamka, ni kweli, yuko kwao. Na mume akaota kwamba anachakura jaani. Akaamka, ni kweli, yuko jaani.

Paka wa Basile alimpima bwana wake kwa kifo cha mchezo, na adhabu ikawa kuachwa. Paa wa Unguja alikufa kweli, na adhabu ikawa kurudishwa mahali pa kwanza, pasibaki hata thumuni.

V. Thumuni na soko

Msomaji wa leo akisoma habari ya paa kununuliwa kwa thumuni huona ni mapambo ya hadithi. Na akumbuke mahali na wakati. Hadithi hizi ziliandikwa katika mji ambao watu walikuwa wakinunuliwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba aliotia sahihi Sultani Barghash mwezi wa Juni mwaka 1873, miaka mitatu baada ya kitabu cha Steere kutoka. Na mahali pale pa soko ndipo lilipoanza kujengwa kanisa mwishoni mwa mwaka ule ule, Steere mwenyewe akisimamia kazi. Hali ya utumwa kisheria haikuondolewa Unguja mpaka mwaka 1897.

Basi fikiri baraza ya jioni ambayo hadithi hii ilisimuliwa. Waliosikiliza waliweza kuwa wenye kununua, waliweza kuwa walionunuliwa, au wana wao. Paa humwita mwenye thumuni bwana. Hutumwa, husafiri, husema kwa niaba yake, humpatia jina, nyumba na mke. Na alipougua alihesabiwa kwa bei aliyonunuliwa. Si lazima tuseme kwamba msimulizi alikusudia kuwasema wenye watumwa. Hadithi haina haja ya kukusudia. Yatosha kwamba kila mtu aliyekuwapo aliweza kuisikia kwa sikio lake. Paka wa Perrault alirithiwa kama kitu cha mwisho cha nyumba, paa alinunuliwa. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoutia mwisho wa Unguja uzito wake.

Lugha nayo yashuhudia. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili: fadhili, hisani, jamala, wema. Methali husema, Fadhila za punda ni mateke. Na pia, Tenda wema, nenda zako. Iko na methali nyingine ya pwani juu ya maskini aliyepata, inayojulikana na wote wala haifai kutajwa darasani. Lakini neno lenye nguvu kuliko yote ni lile ambalo Waswahili humwitia asiyeshukuru: mwizi wa fadhila. Lugha nyingine husema ni mtu asiye na shukrani, kana kwamba amepungukiwa na kitu. Kiswahili chasema ametwaa kitu cha mtu. Ndiyo maana katika hadithi ya Sultani Darai hukumu yake ni hukumu ya mwizi: alivyotwaa vyote vyatolewa mikononi mwake.

Na hapa twaweza kumjibu Cruikshank. Yeye aliona uongo wa msaidizi, akataka kuufuta. Msimulizi wa Unguja hakuuficha uongo wa paa, wala hakuusifu. Aliuacha ulivyo, kisha akamwonyesha msikilizaji wizi uliokuwa mkubwa kuliko uongo ule.

VI. Paa katika vitabu vya picha

Hadithi ya Unguja haikukaa bila picha. Mwaka 1901 vilitoka vitabu viwili. Cha kwanza ni cha George W. Bateman, kilichopigwa chapa Chicago, chenye hadithi za Unguja na michoro ya Walter Bobbett. Humo hadithi yetu yaitwa kwa jina la Hamdani, na paa aitwa Kijipaa. Cha pili ni kimoja cha vitabu vya hadithi vya Andrew Lang vilivyojulikana kwa rangi za majalada yao, kile cha rangi ya urujuani, ambamo hadithi ya paa imetiwa pamoja na nyingine zilizotoka katika kitabu cha Steere, na mchoraji ni H. J. Ford. Lang hakuchagua kwa kubahatisha. Mwaka 1888, alipohariri hadithi za Perrault huko Oxford, alikuwa amekwisha kumlinganisha paka na paa wa Unguja, pamoja na wanyama wasaidizi wa nchi nyingine, maana katika Asia kazi hiyo mara nyingi hufanywa na mbweha, na katika Bengal, kama ilivyoandikwa na Lal Behari Day mwaka 1883, mbweha ndiye mshenga wa ndoa.

Jambo la kuangaliwa ni hili: vitabu hivyo viwili vya picha havikuukata mwisho. Watoto wa Chicago na wa London walisoma habari ya kisima na ya jaa, ingawa ni mwisho wa huzuni. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kitabu cha picha hakiwezi kuubeba mwisho mzito, wala kwamba watoto hawawezi kuusikiliza. Waliusikiliza. Wasomaji wa paka hawakunyimwa mwisho huo kwa sababu ya umri wao. Walinyimwa kwa sababu ya ukoo wa kitabu chao.

VII. Kwa mwalimu

Hatusemi kwamba kitabu cha Paka Mwenye Buti kiondolewe darasani. Ni kitabu kizuri, picha zake ni za mabingwa, na kicheko ni sehemu ya elimu. Tena fundisho lake la kwanza, kwamba akili na bidii zaweza kumsimamisha asiye na urithi, si fundisho la kudharauliwa kwa watoto ambao wengi wao hawatarithi kinu wala punda. Ila yafaa hadithi hizi mbili zifundishwe pamoja, moja baada ya nyingine, na mpango uwe mwepesi.

Kwanza, mwalimu awaonyeshe watoto picha za paka, awaulize kila wanachokiona: mavazi yake, mfuko, uso. Wataona upesi kwamba buti ndizo zimfanyazo mjumbe. Kisha afunge kitabu, aisimulie hadithi ya paa kwa mdomo, bila picha, mpaka mahali paa anapotuma habari kwamba ni mgonjwa. Hapo anyamaze. Awaulize watoto bwana atajibu nini. Wengi watasema atakwenda kumwuguza, kwa kuwa mioyo yao haijazoea mambo mengine. Ndipo awasimulie jibu la uji wa mtama.

Baada ya hapo wachore. Wasichore paa na almasi, ambayo kila mtu angeichora. Wachore picha ambayo vitabu vya paka havina, yaani mke akimsihi mumewe, au mtu aamkaye jaani. Mtoto achoraye mtu yule jaani itambidi aamue uso wake uweje: je, anashangaa, anajuta, au anatafuta punje kama zamani? Katika uamuzi huo mdogo wa penseli limo somo lote.

Mwisho, wasomaji wetu walio katika wilaya mbalimbali wanaombwa kuandika hadithi za mnyama msaidizi kama zinavyosimuliwa huko waliko, kwa maneno yale yale ya wasimulizi, bila kuzipamba. Hasa waandike miisho. Mianzo ya hadithi hizi hufanana kila mahali, kwa maana umaskini hufanana kila mahali. Mwishoni ndipo kila nchi inapoonyesha namna inavyomhukumu mtu aliyeinuliwa na mwingine akamsahau.